Kulewa Bahari Safari ya Kuzamia: Mambo ya Kujua Kabla Hujapanda Boti

Desemba ikikaribia, majirani zangu wa vibanda vya mitumba hapa Gikomba huniuliza swali moja. Wamelipia safari ya boti kwenda kuzamia Diani au Kisite, na wamesikia habari za watu wanaotapika njia nzima. Kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Pwani, wanadhani bahari hainiwezi. Ukweli ni kwamba imeniangusha, tena mbele ya wageni. Niliyowaambia ndiyo haya, na nayaandika kwa ajili yetu sote, maana wengi wetu tumekaa bara hadi tumesahau maji.

Kwanza, kulewa bahari si uoga wala ushamba. Ndani ya sikio mna kiungo kinachopima mizani ya mwili. Boti ikiyumba, sikio husema tunatikisika, lakini macho yanayotazama sakafu au simu husema tumetulia. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na matokeo yake ni jasho baridi, mate kujaa, kigegezi, kisha kutapika. Hata baharia aliyekaa nchi kavu muda mrefu huweza kupatwa.

Maandalizi huanza usiku wa kuamkia safari

Kosa la watu wa Nairobi ni kushuka kwenye basi la usiku alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye boti. Mwili usiolala hulewa haraka. Fika siku moja kabla, ulale, na uache pombe.

Asubuhi usipande na njaa, wala usishibe mafuta. Mahamri na mbaazi za nazi ziweke za kurudi. Kula ndizi, mkate mkavu au kiazi cha kuchemsha, na unywe maji. Tangawizi, ya kutafuna au ya chai, huwasaidia baadhi ya watu.

Dawa zipo, kama sinarizini na promethazini, lakini humezwa kabla ya safari. Ukisubiri hadi roho ichafuke, utaitapika. Nyingi huleta usingizi, na usingizi chini ya maji ni hatari. Muulize daktari au mfamasia, mwambie kwamba unakwenda kuzamia, na uijaribu dawa hiyo siku nyingine ukiwa nchi kavu.

Chagua na msimu. Kusi hupiga kwa nguvu Juni hadi Agosti na bahari ya nje ya mwamba huchafuka. Wazamiaji wengi hupendelea Oktoba hadi Machi.

Ndani ya boti

Funga vifaa vyako mapema, boti ikiwa bado imetulia. Kuinama kuunganisha mtungi huku mawimbi yanakurusha ndiko kunakowamaliza wengi. Kaa katikati au karibu na tezi, kwani omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi, ila jitenge na moshi wa injini. Macho yatazame mstari wa mbali ambapo mbingu hukutana na bahari, au ukingo wa nchi. Simu iweke mfukoni.

Ukihisi kutapika, usijifungie chooni. Nenda upande wa demani, yaani upande upepo unakotokea kwenda nje, ushike imara. Ukitapika joshini utawaoga wenzako. Kisha sukutua na unywe maji kidogo kidogo.

Usifiche

Hapa ndipo nilipokosea. Nilitapika mara mbili kwa siri, nikaona haya kumwambia mkufunzi. Mtoto wa Pwani nitaonekanaje? Nikaruka majini. Tulipofika kama mita nane tumbo likageuka, na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikakitoa kipumulio mdomoni ili nitapike. Baada ya kutapika mtu huvuta pumzi bila kufikiri. Nilivuta maji. Aliyeniokoa ni mwenzangu, aliyekuwa karibu na akanirudishia kipumulio.

Kanuni niliyofundishwa baadaye ni hii: shikilia kipumulio mdomoni kwa mkono, tapika humo humo, kisha bonyeza kitufe chake kukisafisha na uvute pumzi polepole. Kikiziba, tumia kile cha akiba. Ni kweli kwamba ukishuka mita chache mtikisiko hupungua na wengi hupata nafuu. Lakini kama umetapika sana, umeishiwa nguvu au kichwa kinazunguka, usizamie siku hiyo. Mwili uliokaukiwa maji huongeza hatari ya madhara ya kuzamia. Mwamba utaukuta palepale kesho.

Si kila kigegezi ni cha bahari

Hili ndilo nawasisitizia zaidi wanaorudi Nairobi. Mtu akianza kuona kizunguzungu, kutapika, masikio kuvuma au kupungua kusikia baada ya kuzamia, msimcheke kwamba kalewa bahari. Huenda ni viputo vya naitrojeni vilivyojitokeza mwilini alipokuwa akipanda juu, vikagusa sikio la ndani. Alazwe, apewe oksijeni, na mwenye boti aambiwe amfikishe hospitali haraka. Ulevi wa bahari kwa kawaida hupungua ukikanyaga nchi. Usiopungua una sababu nyingine.

Ndiyo maana pia usikimbilie kurudi. Miongozo ya wazamiaji hushauri kusubiri angalau muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukizamia mara kadhaa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na basi au treni nayo hukupandisha. Lala Pwani usiku mmoja zaidi. Gikomba haihami.