Mpaka wa Oder na Neisse: Madai ya Jana na Jirani wa Leo

Hakuna taifa lisilo na jeraha. Lakini je, dhuluma waliyotendewa babu zetu yatupa haki ya kudai ardhi leo? Tuitazame historia ya Polandi na Ujerumani.

Mwaka 1939 Ujerumani ya Hitler iliivamia Polandi. Katika vita hivyo raia wa Polandi wapatao milioni 6 waliangamia, karibu nusu yao wakiwa Wayahudi. Agosti 1945 mataifa yaliyoshinda, yakikutana Potsdam, yaliyaweka maeneo yaliyo mashariki ya mito Oder na Neisse chini ya utawala wa Polandi. Mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa makwao. Mji wa Breslau ukaitwa Wrocław, ukakaliwa na Wapolandi, ambao baadhi yao walikuwa wamepoteza makao yao katika nchi zilizotwaliwa na Umoja wa Kisovieti. Aliyefukuzwa akaingia katika nyumba ya aliyefukuzwa.

Kila upande ulikuwa na hoja ya kale. Serikali ya kikomunisti ya Polandi iliyaita maeneo hayo yaliyorudishwa, kwa kuwa wafalme wa Polandi waliyatawala karne nyingi nyuma. Wajerumani nao walitaja makanisa waliyoyajenga na makaburi ya wazee wao. Wote walisema kweli. Ila historia haituambii tuanze kuhesabu mwaka gani, na kila mdai huuchagua ule unaomfaa.

Tarehe 18 Novemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukikaribia kufungwa, maaskofu wa Polandi waliwaandikia barua wenzao wa Ujerumani. Mwandishi wake mkuu alikuwa Bolesław Kominek, askofu mkuu aliyekaa Wrocław. Barua ilisimulia karne za urafiki na za ugomvi, ikataja waliouawa, ikakumbuka pia mateso ya Wajerumani waliofukuzwa. Kisha ikatoa msamaha na kuuomba. Hata hivyo haikutoa ardhi: ilieleza kwamba kwa Wapolandi waliohamia huko, mpaka ule ulikuwa jambo la uhai wao.

Serikali ya Polandi ilikasirika, na hata waumini wengi waliuliza: tuombe msamaha kwa kosa lipi? Maaskofu wa Ujerumani walijibu kwa upole, lakini hawakuthubutu kuukubali mpaka. Mwaka 1968 kundi la walei Wakatoliki wa Ujerumani, lililoitwa Bensberger Kreis, liliwahimiza Wajerumani waukubali. Mkataba wa 1970 ulifungua njia, na ule wa 14 Novemba 1990 ukauthibitisha mpaka kwa kudumu.

Malalamiko ya kihistoria, basi, yana haki ya kusikilizwa. Yaandikwe, yafundishwe shuleni, makaburi yatunzwe, na aliyedhulumiwa adai fidia kwa njia ya sheria. Lakini hayawezi kumwondoa mtoto aliyezaliwa mahali ambapo babu wa mwingine alifukuzwa. Kufanya hivyo ni kuzaa malalamiko mapya ambayo wajukuu watayadai kwa silaha.

Nasi hapa Kongo jambo hili latugusa. Julai 1964, huko Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Mwaka 1996 Rais wa Rwanda, Pasteur Bizimungu, alipotaka mkutano wa pili wa Berlin, Wakongo walikataa, nao walikuwa na haki. Lakini kipimo ni kimoja kwa wote. Anayekataa mpaka wa Kivu usisogezwe kwa hoja ya ufalme wa kale hawezi kumwambia raia mwenzake arudi kwao kwa hoja ya mwaka ambao babu yake aliingia nchini. Tukiitaka historia itulinde sisi, tukubali imlinde na yeye.