Mali Bila Daftari: Historia ya Kuingia na Kuhitimu katika Vyuo vya Johannesburg

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Witwatersrand kiliwapoteza wanafunzi wawili Waafrika. Mmoja alikuwa Nelson Mandela. Alianza kusoma sheria hapo mwaka 1943, akashindwa mitihani ya mwaka wa mwisho zaidi ya mara moja, na Desemba 1949 akanyimwa shahada. Wa pili alikuwa Eduardo Mondlane wa Msumbiji, aliyekuwa amepitia kwanza Shule ya Jan Hofmeyr ya kazi za ustawi wa jamii hapa Johannesburg. Yeye hakuangushwa na mtihani. Serikali ya chama cha National, iliyoingia madarakani mwaka 1948, ilikataa kumwongezea kibali cha kukaa nchini.

Wote wawili walimaliza kwingine. Mondlane alipata shahada ya kwanza Oberlin, Marekani, mwaka 1953, na uzamivu Northwestern mwaka 1960. Kisha aliiongoza FRELIMO akiwa Dar es Salaam, hadi alipouawa huko mwaka 1969. Mandela alipata shahada yake ya sheria kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa.

Katika hesabu ya chuo, hata hivyo, wawili hawa wangeandikwa neno moja tu: hakumaliza. Neno hilo halisemi nani alishindwa na masomo, nani alifukuzwa na dola na nani alikosa ada. Makala haya yanachunguza historia ya neno hilo katika jiji letu. Tutatazama vyuo vya umma na vyuo vya kibiashara, tujiulize ni vipi vinavyowafikisha wanafunzi mwisho wa safari, na kwa nini jibu ni gumu kupatikana kuliko matangazo ya barabarani yanavyotuaminisha.

Mlango uliofungwa na madirisha yaliyofunguliwa

Elimu ya juu ya Johannesburg ilizaliwa na migodi. Shule ya migodi iliyoanzishwa Kimberley mwaka 1896 ilihamishiwa Johannesburg mwaka 1904, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na mwaka 1922 ikawa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Waafrika wachache walipokewa humo. Mwaka 1959 Bunge lilipitisha sheria iliyowazuia wanafunzi weusi kujiunga na vyuo vikuu vya aina hiyo bila ruhusa ya waziri. Jina lake lilisema ni sheria ya kupanua elimu ya vyuo vikuu, na kazi yake ilikuwa kuibana.

Mlango ukifungwa, watu hutafuta dirisha. Dirisha la kwanza lilikuwa elimu ya masafa. UNISA, yenye makao Pretoria, ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na ikawa njia ya maelfu ya watu ambao rangi, kazi au gereza viliwazuia kukaa darasani. Dirisha la pili lilikuwa vyuo vya watu binafsi. Miaka ya 1940 Benjamin Damelin alianzisha chuo kilichobeba jina lake na kikajulikana kwa kuwaandaa watu kwa mtihani wa matriki. Tusisahau jambo hili tunapovihukumu vyuo vya kulipia: vingi vilianza kwa kujaza pengo ambalo serikali yenyewe ililiacha au ililichimba.

Dirisha la tatu halisemwi sana. Mwaka 1959, kwa kuijibu sheria ile, ilianzishwa kamati iliyojulikana kwa kifupi kama SACHED. Haikuwa ya serikali wala haikutafuta faida. Iliwasaidia wanafunzi weusi kusomea shahada za nje za Chuo Kikuu cha London, na baadaye iliwapa msaada wa mafunzo wale waliojiandikisha UNISA. Waasisi wake walielewa kwamba kumpa mtu nafasi ni kazi moja na kumfikisha mwisho ni kazi nyingine. Mwanafunzi anayesoma peke yake usiku, baada ya kazi, anahitaji mtu wa kumsahihishia insha, kundi la kujadiliana nalo, na mahali penye taa. Hilo ndilo somo la kwanza la historia hii.

Elimu yaingia soko la hisa

Katiba ya mwaka 1996, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kuanzisha taasisi ya elimu kwa gharama zake, kwa masharti matatu: isibague kwa rangi, isajiliwe na serikali, na viwango vyake visiwe chini ya vile vya taasisi za umma zinazolingana nayo. Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1997 iliweka utaratibu wa usajili huo.

Wakati huohuo biashara yenyewe ilikuwa inabadilika. Vyuo vidogo vya mtu na jina lake viliunganishwa chini ya makampuni. Damelin iliingia katika kundi la Educor. ADvTECH, kampuni iliyo katika Soko la Hisa la Johannesburg tangu mwaka 1987, ikawa mmiliki wa vyuo kama Varsity College na Rosebank College. STADIO iliingia soko hilo mwaka 2017. Hata vyuo vya nje vilikuja: Monash ya Australia ilifungua tawi lake magharibi mwa jiji mwaka 2001, ikashirikiana na kampuni ya Laureate ya Marekani kuanzia mwaka 2013, na mwaka 2019 tawi hilo likachukuliwa na ADvTECH.

Nani aliwapa wateja? Kwa sehemu kubwa ni uhaba wa nafasi. Tarehe 10 Januari 2012, nje ya lango la Chuo Kikuu cha Johannesburg katika barabara ya Bunting, maelfu ya vijana na wazazi walipanga foleni kuomba nafasi za mwisho. Ulitokea mkanyagano, na mama mmoja aliyemsindikiza mwanawe akapoteza maisha. Kijana aliyekosa nafasi siku kama ile, kisha akaona bango la chuo kinachoandikisha hadi Februari, hakuwa mjinga alipolifuata. Alikuwa amebakiwa na njia hiyo.

Vyuo vya umma vilipojihesabu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vyuo vikuu vya umma vya Afrika Kusini vilifungua daftari lao, na habari iliyotoka ilikuwa chungu.

Mwaka 2007 Baraza la Elimu ya Juu lilichapisha utafiti wa Ian Scott, Nan Yeld na Jane Hendry. Waliwafuata wanafunzi walioingia vyuo vya umma mwaka 2000. Baada ya miaka mitano, asilimia 30 walikuwa wamehitimu, asilimia 14 walikuwa bado wanasoma, na asilimia 56 walikuwa wameondoka bila cheti chochote. Mwaka 2013 kikosi kilichoongozwa na Profesa Njabulo Ndebele kilitoa ripoti nyingine kwa Baraza hilohilo, safari hii juu ya walioingia mwaka 2006. Ni asilimia 35 tu ya wote waliohitimu ndani ya miaka mitano. Kwa wanaosoma darasani, bila elimu ya masafa, ilikuwa asilimia 48. Walikadiria kwamba asilimia 55 hawatahitimu kamwe.

Kwa hiyo anayesema "cha umma ndicho bora" hana pa kujificha. Lakini tuzisome takwimu hizo kwa makini. Wanaoacha si wote walioshindwa na masomo. Mnamo Oktoba 2015 wanafunzi wa Witwatersrand walianzisha maandamano ya kupinga nyongeza ya ada, yakaenea nchi nzima, na ndani ya siku kumi serikali ikatangaza kwamba hakutakuwa na nyongeza mwaka uliofuata. Madai yao yalikuwa pia maelezo ya takwimu hizo: wengi walikuwa wanaondoka kwa kukosa ada, chakula na malazi. Desemba 2017 Rais Zuma alitangaza elimu isiyo na ada kwa watoto wa familia zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka. Fedha hizo, zinazopitia mfuko wa NSFAS, hazimfikii mwanafunzi wa chuo cha kibiashara.

Daftari lisiloonekana

Sasa tuulize upande wa pili: katika vyuo vya kibiashara, wangapi huingia na wangapi huhitimu?

Hapa ndipo mlinganisho unapokwama. Tafiti zile mbili ziliwafuata wanafunzi wa vyuo vya umma peke yao. Makampuni yaliyo katika soko la hisa hutangaza mapato na faida zao kwa ukawaida, na huwaeleza wanahisa idadi ya walioandikishwa. Mzazi anayetaka kujua, kwa kipimo kilekile cha ripoti za 2007 na 2013, wangapi kati ya walioingia mwaka fulani walitoka na cheti, hapati jibu kwa urahisi huo. Mwenye hisa amewekewa daftari. Mwenye mtoto amewekewa tangazo. Nasi tunajua methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo, haki itendeke. Chuo kinachoishi kwa ada kina sababu ya kumshikilia mwanafunzi, kwa kuwa akiondoka ada nayo huondoka. Baadhi hutoa madarasa madogo na ratiba za jioni, mambo ambayo chuo kikuu chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi huyaweza kwa shida. Lakini chuo hichohicho kina sababu ya kumpokea asiye tayari, maana ada yake ni sawa na ya aliye tayari. Vyuo vikuu vya umma, kwa upande wao, tangu utaratibu wa ruzuku ulipobadilishwa miaka ya 2000, hupata sehemu ya fedha zao kwa kuhesabu wanaohitimu.

Tukitaka kuona daftari la kibiashara likifunguliwa kwa nguvu, tutazame Marekani. Mwaka 2012 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Tom Harkin ilichunguza makampuni makubwa ya elimu. Iligundua kwamba zaidi ya nusu ya walioingia mwaka wa masomo 2008/2009 walikuwa wameondoka bila cheti kufikia katikati ya mwaka 2010, na kwamba makampuni hayo yalitumia asilimia 17 ya mapato kufundishia na karibu asilimia 23 kutangaza na kuandikisha. Hatuna ruhusa ya kuzihamishia takwimu hizo Johannesburg. Tunachoweza kuazima ni swali lenyewe.

Chuo chenyewe kinapokatiza masomo

Tumezoea kumuuliza mwanafunzi kama atabaki chuoni. Historia inatutaka tuulize pia kama chuo kitabaki.

Chuo Kikuu cha Vista, kilichoanzishwa na serikali ya ubaguzi mwaka 1981 kwa ajili ya wakazi weusi wa mijini, kilivunjwa katika mageuzi ya miaka ya 2000. Januari 2004 kampasi yake ya Soweto ilitiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Rand Afrikaans, na mwaka mmoja baadaye chuo hicho kikaungana na Technikon Witwatersrand, kikazaliwa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Muungano huo ulikuwa na maumivu yake, lakini jina lilipokufa, chuo kingine cha umma kiliwarithi wanafunzi pamoja na majengo.

Julai 2023 Wizara ya Elimu ya Juu ilitangaza nia ya kufuta usajili wa vyuo vinne vya Educor: Damelin, City Varsity, Icesa City Campus na Lyceum. Sababu kubwa ilikuwa kutowasilisha hesabu za fedha zilizokaguliwa. Mwaka 2024 ufutaji huo ulithibitishwa. Jina lililodumu tangu miaka ya 1940 likaponzwa na daftari. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha namna hiyo anaweza kuwa amefaulu kila mtihani na kulipa kila senti, na bado akatakiwa kutafuta chuo kingine kitakachoyatambua masomo yake.

Somo kwa Afrika Mashariki

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa tuna sababu ya kuutazama mjadala huu kwa macho mawili. Kenya ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokea wanafunzi wa kujilipia kando ya wale wa serikali, chuo cha umma kikafanya biashara ndani ya ua wake. Kisha, tangu 2016, serikali ilipeleka wanafunzi inaowalipia katika vyuo vikuu vya binafsi, hadi mfumo mpya wa fedha ulipoanza mwaka 2023. Mpaka kati ya umma na biashara, basi, si ukuta wa mawe. Husogezwa kila fedha zinapopungua, na mwanafunzi ndiye anayejikuta upande asioutarajia.

Hitimisho

Historia ya Johannesburg haitupi ruhusa ya kusema kwamba chuo cha umma humfikisha mwanafunzi na cha kibiashara humtupa, au kinyume chake. Inatuonyesha kwamba vyuo vya umma vimewapoteza zaidi ya nusu ya walioingia, vikakiri hadharani, na kwa kukiri huko vikalazimika kujadili mtaala, ada na malazi. Vyuo vya kibiashara vimefungua madirisha pale milango ilipofungwa, lakini havijapimwa mbele ya umma kwa mizani hiyohiyo. Katiba imeshasema viwango vyao visiwe chini ya vya umma. Kiwango kisichohesabiwa hakiwezi kulinganishwa.

Dai letu kama wanafunzi liwe dogo na la wazi: kila chuo, cha umma au cha faida, kichapishe kila mwaka wangapi waliingia, wangapi walihitimu, wangapi waliondoka na kwa sababu gani. Hiyo sababu ndiyo muhimu kuliko zote. Bila hiyo, aliyenyimwa kibali na aliyeshindwa mtihani wataendelea kuandikwa neno moja.