Feizi: mfuga farasi aliyeanzisha dola ya Qin

Mwaka 221 KK, mfalme wa Qin aliyekuwa amekwisha kuzimeza dola zote shindani alijitangaza Kaisari wa Kwanza wa China. Dunia inamkumbuka kwa ukuta, kwa sheria kali na kwa jeshi la askari wa udongo linalolinda kaburi lake karibu na mji wa Xi'an. Anayetajwa kwa nadra ni babu yake wa mbali, Feizi, aliyepewa kipande cha ardhi mpakani katika karne ya 9 KK kwa sababu alijua kufuga farasi. Hata kipande hicho alikipata kama kifuta machozi, baada ya kukosa urithi wa baba yake.

Ukoo wa walioshindwa

Ukoo wa Feizi, uliotumia jina la Ying, ulianza vibaya chini ya wafalme wa nasaba ya Zhou. Wazee wake, akiwamo Feilian, walikuwa watumishi wa mfalme wa mwisho wa Shang, nasaba iliyoangushwa na Zhou yapata mwaka 1046 KK. Maandishi ya kale ya vipande vya mianzi yaliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, yanasimulia kwamba watu wa mashariki walipoasi, Mfalme Cheng wa Zhou alimuua Feilian, akawahamishia watu wake magharibi ya mbali ili wawe kinga dhidi ya makabila ya Warong. Kwa mujibu wa maandishi hayo, wahamishwa hao ndio waliozaa watu wa Qin.

Walikuwa wameshindwa, lakini walishika ujuzi ambao mshindi aliuhitaji. Vita vya enzi hizo vilipiganwa kwa magari ya kukokotwa na farasi, na mfalme asiye na farasi wazuri hakuwa na jeshi la kutisha mtu. Ndugu mmoja wa ukoo huo, Zaofu, alipata sifa kwa kuliendesha gari la Mfalme Mu wa Zhou, akazawadiwa ardhi ya Zhao. Feizi naye alifuata njia hiyohiyo.

Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika karibu miaka 800 baadaye, anaeleza kuwa Feizi aliishi Quanqiu, alipenda farasi na mifugo mingine, na alijua kuitunza ikazaana. Sifa zake zilimfikia Mfalme Xiao wa Zhou, akamwita na kumkabidhi farasi wa ufalme katika malisho yaliyo kati ya mto Qian na mto Wei, katika mkoa wa Shaanxi wa leo. Farasi wakaongezeka sana, na mfalme akataka kumlipa fadhila.

Ugomvi wa urithi

Fadhila aliyoifikiria mfalme ilikuwa kumfanya Feizi mrithi wa baba yake, Daluo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Daluo alikuwa na mwana mwingine aitwaye Cheng, aliyezaliwa na mke aliyetoka katika nyumba kubwa ya watawala wa Shen, na Cheng ndiye aliyekuwa mrithi halali. Bwana wa Shen hakukubali mjukuu wake apokonywe haki. Alimkumbusha mfalme kwamba ndoa kati ya nyumba yake na ukoo wa Daluo ndizo zilizowatuliza Warong, na kwamba kiti cha enzi kilisimama imara kwa sababu ya utulivu huo.

Mfalme Xiao aliona uzito wa maneno hayo. Alimwacha Cheng na urithi wake, kisha akamkatia Feizi ardhi ya Qin, akampa pia jukumu la kuendeleza matambiko ya ukoo wa Ying. Tangu hapo Feizi akajulikana kama Qin Ying.

Heshima hiyo ilikuwa ndogo. Qin ilihesabiwa kuwa eneo tegemezi, daraja la chini kabisa katika mfumo wa Zhou. Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK, anaeleza kuwa maeneo ya aina hiyo hayakufika li 50 kila upande, yaani takriban kilomita 20, na wenyewe hawakuwa na haki ya kumkabili mfalme moja kwa moja.

Katika wilaya ya Qingshui, mkoa wa Gansu, wanaakiolojia wamechimbua makaburi ya zama za Zhou mahali paitwapo Lijiaya, na baadhi yao wanaona kuwa huenda ndipo ilipokuwa Qin ya Feizi. Maiti zililazwa vichwa vikielekea magharibi, na chini ya kiuno kulikuwa na shimo dogo lililofukiwa mbwa. Kuzika na mbwa namna hiyo ilikuwa desturi ya Shang. Huko mpakani, watu walikuwa bado wanaishika mila ya utawala ulioangushwa.

Tawi dogo lilivyobaki

Hesabu ya Mfalme Xiao haikudumu. Enzi za Mfalme Li wa Zhou, Warong waliasi na kuuangamiza ukoo wa Daluo huko Quanqiu, yaani tawi lilelile lililolindwa kwa ajili ya amani. Waliobaki ni kizazi cha Feizi. Kitukuu chake, Qin Zhong, alitumwa kupigana na Warong, wakamuua mwaka 822 KK. Wanawe walipewa askari 7,000, wakalipiza kisasi na kuitwaa Quanqiu pia.

Mwaka 771 KK, Bwana wa Shen wa zama hizo aliungana na Warong wakamuua Mfalme You wa Zhou. Xiang, mtawala wa Qin, alimsindikiza mfalme mpya, Ping, hadi mashariki, na kwa utumishi huo Qin ikapandishwa kuwa dola kamili. Ardhi aliyoahidiwa ilikuwa mikononi mwa Warong, kwa hiyo ilibidi aipiganie mwenyewe. Alifia katika vita hivyo mwaka 766 KK.

Kutoka hapo Qin ilipanuka kizazi baada ya kizazi. Mwaka 256 KK ilimnyang'anya mfalme wa mwisho wa Zhou ardhi aliyobakiwa nayo, na miaka 35 baadaye China nzima ikawa yake. Farasi hawakusahaulika: mwaka 1980, kando ya kaburi la Kaisari wa Kwanza, yalifukuliwa magari mawili ya shaba nyeusi, nusu ya ukubwa halisi, kila moja likivutwa na farasi wanne wenye hatamu zilizonakshiwa kwa dhahabu na fedha.

Himaya hiyo ilianguka baada ya miaka 15 tu, ilhali dola aliyoiasisi Feizi ilikuwa imedumu zaidi ya miaka 600. Mpanda ngazi hushuka. Atakayetaka kuielewa nguvu ya Qin asianzie kwa Kaisari na ukuta wake. Aanzie kwa mfugaji aliyenyimwa urithi, na kwa mfalme aliyedhani amemaliza ugomvi wa familia kwa kumpa ardhi mpakani mtu ambaye kizazi chake kingekuja kuing'oa nasaba ya Zhou.