Bei ya Kukiri: Papa, Dagaa na Mahakama za Uingereza



Huku Uingereza, kila tunaposikia kwamba mtu amekamatwa uwanja wa ndege na dawa za kulevya, hakosekani wa kusema: "Akiri tu, atapunguziwa." Maneno hayo yana ukweli, lakini ukweli huo una historia yake, na historia hiyo haikuanza kwa ajili ya punda anayebebeshwa begi.

Tuanze na mwaka 1973. Jambazi wa mabenki wa London, Bertie Smalls, alipatana na Mkurugenzi wa Mashtaka kwamba awataje wenzake, naye aachiwe huru. Wenzake wakafungwa, yeye akarudi nyumbani. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa iliyakemea mapatano yale na kutaka yasirudiwe tena. Baada ya hapo njia iliyozoeleka ikawa mtoa habari naye asimame kizimbani, akiri makosa yake, kisha apunguziwe kifungo. Msamaha ukageuka kuwa punguzo.

Mwaka 1982 Jaji Mkuu, Lord Lane, akaliweka jambo hilo wazi katika kesi za dawa za kulevya. Katika hukumu ya Aramah alisema kwamba mwenye kuingiza kiasi cha maana cha dawa kali, kama heroini, mara chache atastahili chini ya miaka 4. Papo hapo akaongeza kwamba anayekiri na kuwasaidia polisi vya kutosha anaweza kupunguziwa sana. Akasema pia kuwa sifa njema ya mbebaji haina uzito mkubwa, kwa sababu wakubwa wa biashara hii huwatafuta kwa makusudi watu wenye sifa njema na wale wanaotia huruma.

Mlango uliofunguliwa na majaji ukaja kuwekewa sheria. Sheria ya mwaka 2005 iliweka utaratibu wa mapatano ya maandishi kati ya mshtakiwa na waendesha mashtaka. Mwaka 2007, katika kesi ya Blackburn, Mahakama ya Rufaa ikasema kwamba punguzo la kawaida kwa anayesaidia kikamilifu ni kati ya nusu na theluthi mbili, sharti aeleze na maovu yake yote. Kukiri kuna hesabu yake mbali: kwa mwongozo wa mwaka 2017, anayekiri hatua ya kwanza hupunguziwa theluthi moja; akichelewa hapati zaidi ya robo; na siku ya kwanza ya kusikilizwa kesi inabaki sehemu moja ya kumi.

Sisi wahandisi hatutosheki mpaka tupige hesabu. Mwongozo wa mwaka 2012 uliweka miaka 6 kuwa mwanzo wa hesabu kwa mtu mdogo aliyeingiza kokeini au heroini ya kiasi cha kilo 1. Kwa kiongozi wa mzigo wa kilo 5, mwanzo ni miaka 14. Punda akikiri mapema anabaki na miaka 4. Hana jina la kutaja zaidi ya lile la uongo alilopewa na mtu aliyemkabidhi begi. Kiongozi naye ana majina, njia na akaunti za benki. Akipunguziwa theluthi mbili kwa msaada wake, kisha theluthi kwa kukiri, anabaki na miaka 3 na mwezi 1 hivi. Jaji halazimiki kufika huko, lakini hesabu inaruhusu: papa akatoka kabla ya dagaa.

Serikali ina hoja yake, nasi hatuipuuzi. Bila mtu wa ndani kusema, wakubwa hawafikiwi kamwe, na kila papa anayenaswa huokoa vijana wengi. Lakini tujue kinacholipwa katika mizani hii. Punguzo la ushirikiano hulipa thamani ya habari, wala si wepesi wa kosa. Asiyejua kitu ndiye mwenye kidogo cha kuuza, na hata hicho kidogo pengine anakiogopa, kwa kuwa waliomtuma wanaijua nyumba ya mama yake.

Kuna na jambo la lugha. Kwetu mtu akisema "ni kweli, begi ni langu" tunasema amekiri. Mahakamani hapa hajakiri kosa bado, kwani sheria inataka ithibitike kwamba alijua kuwa amebeba kitu kilichokatazwa. Aliyedanganywa kabisa ana utetezi, asiuache kwa kukimbilia theluthi. Aliyejua, naye asingoje, maana bei inashuka kila hatua. Wa kuwatenganisha wawili hao ni wakili, ambaye kituoni, kwa England na Wales, hupatikana bure, pamoja na mkalimani anayejua Kiswahili sawasawa.

Kwa hiyo jamaa yetu akikamatwa, tusimwambie "kiri tu". Tumwambie aombe wakili na mkalimani kabla hajajibu swali la kwanza.