Mali ya Leta na Watu wa Kuihesabu

Mtu akirithi shamba asilolijua mipaka, jirani ndiye atakayemwonyesha mipaka hiyo. Naye jirani ataionyesha kwa faida yake mwenyewe. Ilivyo kwa mtu mmoja, ndivyo ilivyo kwa Serikali nzima, hiyo tunayozoea kuiita Leta. Historia ya Katanga ya zamani, ambayo Kalemie yetu ilikuwa sehemu yake, yatufundisha neno hilo waziwazi.

Tarehe 1 Julai 1885 Serikali ya Mfalme Leopold II ilitoa amri kwamba ardhi tupu ni mali ya Leta. Lakini ardhi iliyoitwa tupu mara nyingi ilikuwa na wenyewe. Palikuwa na mashamba yaliyopumzishwa, mwitu wa kuwindia, na makaburi ya wazee. Mwaka 1891 Leta ikapatana na Compagnie du Katanga. Kompani iende ikashike nchi ya Katanga, na ujira wake uwe theluthi moja ya ardhi hiyo. Basi wakaigawa nchi juu ya ramani kama ubao wa dama: vyumba viwili vya Leta, kimoja cha kompani. Kwenye karatasi ilikuwa rahisi. Porini, penye milima na mito, kazi ikawa ngumu mno.

Kwa hiyo tarehe 19 Juni 1900 waliunda Comité Spécial du Katanga, yaani Komiti ya pekee ya kutunza mali yote kwa pamoja. Leta ilipata theluthi mbili za faida, kompani theluthi moja. Wakubwa wa Komiti walikuwa sita, wanne wa Leta na wawili wa kompani. Mpaka mwaka 1910 Komiti hiyo ilitawala hata watu. Baadaye ilibaki na ardhi na madini, na eneo lake lilifika mpaka huku ziwani.

Komiti iliajiri wapimaji, wachora ramani, wajuzi wa mawe na makarani wa hati. Iliuza viwanja, ilikodisha mashamba, ilitoa ruhusa za kuchimba. Ilipoundwa Union Minière mwaka 1906, Komiti ilikuwa na sauti kubwa ndani yake. Ndiyo kusema kwamba ujuzi wa mali ya Katanga ulikuwapo, tena ujuzi mkubwa. Lakini wenye nchi hawakufundishwa. Mkongo alishika mnyororo wa kupimia. Kalamu ya kuandika kipimo ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Mwaka 1960 ukafika. Aprili na Mei ulifanyika mkutano wa mambo ya uchumi katika Brussels. Viongozi wetu wakubwa wengi walikuwa nyumbani wakitafuta kura, nao wakatuma vijana, wengine wangali wanafunzi. Hao waliketi mbele ya watu waliozeeka katika hesabu za hisa na madeni. Kisha mwezi wa Juni, siku chache tu kabla ya Uhuru, Wabelgiji waliivunja ile Komiti na kuigawa mali yake. Hivyo Serikali mpya ikakosa ile sauti kuu ambayo Leta ilikuwa nayo katika Union Minière kwa njia ya Komiti. Bendera ilipopandishwa tarehe 30 Juni, neno hilo lilikuwa limekwisha.

Nani angeliweza kulizuia? Katika vyeo vitatu vya juu vya utumishi wa Leta, vyenye watu zaidi ya 4,000, Wakongo walikuwa 3 tu. Ubishi juu ya hisa na madeni uliendelea miaka mingi. Ni Februari 1965 tu ndipo Bwana Tshombe, akiwa Waziri Mkuu, alipopatana na Wabelgiji na kurudi na hati za hisa za Serikali.

Wala sisi wa Kanisa tusijitoe katika lawama. Mashule mengi yalikuwa mikononi mwa misioni. Kule Baudouinville, inayoitwa leo Moba, Stefano Kaoze alipewa Upadre mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongo wa siku hizo. Basi ilijulikana tangu zamani kwamba Mkongo aweza kusoma hata mwisho. Lakini Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Kati ya Kaoze na Lovanium ni miaka 37. Miaka hiyo ndiyo tuliyoikosa mwaka 1960.

Wengine watasema: dawa ni Serikali kutwaa mali yake kwa nguvu. Hilo nalo lilijaribiwa. Siku ya 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilikuwa ya Serikali. Lakini nani atauza shaba? Nani ajua bei na wanunuzi? Mwaka uleule Serikali ilipaswa kupatana na Société Générale des Minerais, kompani ya Kibelgiji, iuze madini na kuleta mafundi. Mwaka 1974 ndipo nchi ilipounda shirika lake la kuuza madini, SOZACOM, nalo halikudumu hata miaka kumi na mitano. Kutwaa ni kazi ya siku moja. Kujua ni kazi ya miaka.

Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Leta, na raia hupewa haki ya kuitumia kwa hati. Hati hiyo ikikwisha miaka miwili bila kupingwa, haivunjwi tena. Fikirini maana yake, wasomaji. Karani asiyejua kusoma ramani, au apendaye bahasha, akiandika jina baya leo, mjane akikaa kimya miaka miwili, basi shamba limekwenda. Hapo ujuzi wa karani si jambo la ofisi tu. Ni mkate wa watoto.

Tangu mwaka 2015 Tanganyika ni jimbo, na Kalemie ndiyo makao yake. Ofisi za jimbo zataka watu wa kupima ardhi, kuandika hati, na kuthamini mali kabla ya kuikodisha. Yosefu kule Misri hakupewa ghala kwa sababu ya ukoo wake. Alipewa kwa kuwa alijua kuhesabu nafaka ya miaka saba, na hakuiba.

Basi wazazi, mtoto apendaye hesabu msimcheke kwamba hataki siasa. Mpelekeni akajifunze upimaji, sheria ya ardhi na utunzaji wa vitabu vya fedha. Mfundisheni pia amri ya saba, maana ujuzi bila uaminifu humzidishia mwizi nguvu tu. Nanyi wenye viwanja, someni hati zenu, mjue mipaka yenu, msingoje jirani awaonyeshe.