Mlimani: Chuo, Mabweni na Migomo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London, chenye kitivo kimoja tu cha Sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia kilimani, kiasi cha kilomita 13 kutoka katikati ya jiji. Kuanzia hapo watu wakakiita Mlimani.

Mwanafunzi wa Mlimani wa miaka ile alilelewa. Ada, chakula na bweni vyote vililipwa na serikali. Serikali nayo ikataka malipo: wahitimu walitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa miezi mingi wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho mekundu, mabango mkononi, moja likidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Hawakuweza kuchagua maneno mabaya zaidi ya kumwonyesha Rais Nyerere. Aliwatimua karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata.

Baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, upepo uligeuka. Yoweri Museveni, rais wa baadaye wa Uganda, wakati huo mwanafunzi, aliongoza chama cha vijana wa mrengo wa kushoto. Walter Rodney alifundisha historia. Jarida lao la Cheche likaanza 1969. Novemba 1970 chama na jarida vilipigwa marufuku. Serikali ya ujamaa ilikuwa imepitwa na wajamaa wake. Julai mwaka huohuo chuo kilikuwa kimekwisha kuwa chuo kikuu kinachojitegemea.

Ukumbi wa Nkrumah wa chuoni hapo ulikuja kuchapwa kwenye noti ya shilingi 500, hata wasiowahi kufika Mlimani wakaushika mkononi. Mabweni hayakupata sifa hiyo. Idadi ya wanafunzi ilipopanda kuliko vitanda, kubebana kukawa desturi: aliyepangiwa chumba humlaza mwenzake asiyepangiwa. Aprili 2017 yalizinduliwa majengo 20 ya hosteli yenye nafasi za wanafunzi 3,840, yanayoitwa Hosteli za Magufuli, kwa jina la rais wa wakati huo.