Injini kubwa ya dizeli katika pikapu ndogo: mafuta huokolewa wapi na hupotea wapi

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Wamiliki wa pikapu ndogo za mizigo wanaokusudia kuondoa injini ya awali na kufunga injini kubwa ya dizeli wanapaswa kufahamu kwamba akiba ya mafuta wanayoahidiwa gereji hutegemea zaidi meno ya difu na mwendo wa dereva kuliko ukubwa wa injini yenyewe. Gharama ya kubadili ni kubwa, na anayeingia humo kwa matumaini ya akiba peke yake huweza kuendesha gari kwa miaka kadhaa kabla fedha yake haijarudi.

Jambo hili halifanyiki Tanzania pekee. Nchini Marekani, injini ya Cummins 4BT yenye silinda nne na ujazo wa lita 3.9, iliyofungwa kwa wingi katika magari ya kusambaza mikate na bidhaa za madukani, imekuwa ikihamishiwa kwenye pikapu ndogo na magari ya porini. Kwa mafundi wa hapa nchini, injini kubwa ya dizeli inayofahamika zaidi ni 1HZ ya Toyota, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, iliyomo katika Land Cruiser nyingi.

Lazima kwanza kutenganisha faida ya dizeli na faida ya ukubwa, kwa kuwa mazungumzo ya gereji huzichanganya. Lita moja ya dizeli hubeba nishati ya takriban megajuli 36, ilhali lita ya petroli hubeba takriban 32. Aidha, injini ya dizeli hushindilia hewa zaidi kabla ya mafuta kuwaka, nayo haipunguzi kasi kwa kubana njia ya hewa kama ifanyavyo ya petroli. Hivyo, anayetoka kwenye injini ya petroli yenye kabureta huweza kuona akiba hata kama injini mpya ni kubwa mno. Anayetoka kwenye dizeli ya lita 2.8 kwenda dizeli ya lita 4.2 hana tena faida hiyo. Huenda akaongeza matumizi badala ya kuyapunguza.

Sababu yake ni kwamba pikapu ndogo haihitaji nguvu nyingi. Kwa makadirio, gari lenye uzito wa kilo 1,500 likienda kilomita 80 kwa saa katika barabara tambarare huhitaji takriban kilowati 12 kwenye magurudumu. Kwa mwendo wa 100 huhitaji karibu 20, na kwa mwendo wa 120 karibu 31. Injini ya 1HZ ina uwezo wa kilowati zaidi ya 90. Ikitumika kwa sehemu ndogo hivyo ya uwezo wake, sehemu kubwa ya mafuta huishia kuzungusha injini yenyewe: pistoni, pampu ya oili, pampu ya maji na mikanda. Katika foleni za mijini hali huwa mbaya zaidi, kwani injini kubwa huendelea kunywa mafuta gari likiwa limesimama.

Ipo pia tofauti ya namna mafuta yanavyoingia. Injini ya 4BT hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, lakini 1HZ huyawasha kwanza katika chumba kidogo cha pembeni, ambako sehemu ya joto hupotea. Kwa sababu hiyo sifa za injini moja zisihamishiwe nyingine kwa kuwa tu ujazo wao unakaribiana.

Injini kubwa huokoa mafuta pale inapozunguka polepole huku ikibeba mzigo wa kutosha, na hapa ndipo difu inapoamua. Tuchukue tairi lenye mzingo wa mita 2.2. Kwa kilomita 100 kwa saa, gia ya nne ikiwa moja kwa moja na difu ikiwa na uwiano wa 4.1, injini huzunguka takriban mara 3,100 kwa dakika. Difu ya 3.1 huteremsha mizunguko hiyo hadi takriban 2,350. Injini ya 4BT hutoa msokoto wake mkubwa kwenye mizunguko ya 1,600 hivi, na haikuundwa kukimbia sana kupita 2,500. Kuifunga na kuacha difu ya zamani ni sawa na kulipia nguvu isiyotumika, tena kwa kelele nyingi. Kwa maoni ya mwandishi, fundi asiyeuliza habari za difu kabla ya kutaja bei hajaifikiria kazi yake vya kutosha.

Uzito wa injini hulaumiwa kupita kiasi katika hesabu ya mafuta. Kilo 150 za ziada katika safari ndefu na tambarare huongeza takriban lita 0.2 kwa kila kilomita 100. Madhara yake makubwa yako mbele ya gari: springi huzama, breki hubeba zaidi ya zilivyokadiriwa, na chesesi huhitaji kuimarishwa. Klachi, giaboksi na ekseli nazo hupokea msokoto ambao hazikutengenezewa.

Kuhusu takwimu wanazopeana madereva, tahadhari inahitajika. Katika magari mengi ya zamani kipimo cha kilomita huendeshwa na giaboksi. Ukibadilisha giaboksi, difu au ukubwa wa matairi, kipimo hicho hukosea, na kosa hilo huonekana kama akiba au hasara ambayo haipo. Kipimo cha kuaminika ni kujaza tangi hadi juu, kusafiri umbali unaojulikana kwenda na kurudi, kisha kujaza tena kwenye pampu ileile. Dar es Salaam hadi Morogoro, takriban kilomita 190, inafaa. Kurudi kunafuta athari ya mwinuko. Safari hiyo ifanywe kabla ya kubadili injini na baada yake, kwa mzigo uleule na mwendo uleule.

Tuseme gari limeshuka kutoka lita 12 hadi lita 9 kwa kilomita 100. Kwa mwenye kusafiri kilomita 2,000 kwa mwezi, akiba ni lita 60. Zizidishwe kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila mwezi, kisha gharama yote ya injini, difu, springi na ufundi igawanywe kwa jibu hilo. Zitapatikana idadi ya miezi ya kungoja. Anayetoka petroli ahesabu kwa bei ya kila mafuta, kwa kuwa hazilingani. Kwa mwenye gari linalopanda Kitonga na mzigo kila wiki, injini kubwa huweza kuwa na thamani nyingine, lakini hiyo si akiba ya mafuta.

Kadi ya usajili hubeba namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta. Baada ya mabadiliko, mmiliki atoe taarifa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kadi irekebishwe, atunze nyaraka za ununuzi wa injini, na aijulishe kampuni yake ya bima kabla gari halijarudi barabarani.